Dawa ndani ya majani: Jinsi mimea ya GMO inavyotengeneza protini za tiba, na sheria zinazoidhibiti

MNAMO Novemba 2002, serikali ya Marekani ilizuia soya iliyokuwa katika ghala moja la nafaka mjini Aurora, jimbo la Nebraska. Ghalani mlikuwa na busheli 500,000, kiasi kinachozidi magunia 150,000 ya kilo 90. Soya yenyewe haikuwa na kasoro. Ila shamba mojawapo ilikotoka lilikuwa limepandwa, msimu uliotangulia, mahindi yaliyobadilishwa jeni ili yatengeneze protini ya chanjo ya nguruwe. Punje zilizosalia udongoni zilijiotea katikati ya soya, zikavunwa pamoja nayo, na mabaki yake yakaingia ghalani.

Shehena yote iliamriwa kuharibiwa. Haikuwahi kufika mezani pa mtu, na hakuna aliyeugua. Hata hivyo, tukio hilo lilibadili mkondo wa fani nzima ya kutengeneza dawa kwa mimea. Anayetaka kuelewa ni kwa nini dawa za aina hiyo leo hutoka katika vivungulio na matangi yaliyofungwa, wala si katika mashamba ya mahindi, hana budi kuanzia Aurora.

Dawa nyingi za kisasa ni protini. Insulini ya wagonjwa wa kisukari ni protini. Vimeng'enya wanavyodungwa wale waliozaliwa bila uwezo wa kuvitengeneza miilini mwao ni protini, sawa na kingamwili zinazotumiwa kupambana na saratani na virusi. Molekuli hizi ni kubwa na zimekunjwa kwa namna maalumu, hivi kwamba haziwezi kutengenezwa kwa urahisi kwa kuchanganya kemikali. Sharti zitengenezwe na seli hai. Tangu 1982, Marekani ilipoidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria, kazi hiyo imefanywa zaidi na bakteria, hamira na seli za wanyama, hasa zile zilizotokana na ovari ya panya-buku wa Kichina. Seli za wanyama hufugwa katika matangi ya chuma cha pua, hulishwa vyakula ghali na hulindwa usiku na mchana zisiingiliwe na vijidudu. Kiwanda cha aina hiyo hugharimu mamilioni mengi ya dola kabla ya tone la kwanza la dawa kupatikana.

Mmea nao ni kiwanda cha protini, na unachohitaji ni mwanga, maji na mbolea. Mwanasayansi akiupa jeni yenye maelekezo ya kutengeneza protini ya binadamu, seli zake huyasoma maelekezo hayo kama zinavyosoma yake zenyewe. Jeni hiyo kwa kawaida hubebwa na Agrobacterium, bakteria wa udongoni ambaye kwa asili yake hupenyeza kipande cha jeni zake ndani ya mimea. Wataalamu hukitoa kipande hicho cha asili na kuweka mahali pake jeni wanayoitaka.

Kuna njia mbili. Katika ya kwanza, jeni huingia katika urithi wa mmea na kupita kwa mbegu zake, kizazi baada ya kizazi. Katika ya pili, jeni hukaa kwa muda tu. Mimea iliyokwisha kukua huinamishwa kichwa chini ndani ya maji yenye bakteria hao, hewa hufyonzwa kutoka majanini, kisha hurudishwa ghafla na kuyasukuma maji hayo hadi ndani kabisa ya jani. Baada ya siku chache majani huvunwa, husagwa na protini kuchujwa. Mmea unaopendwa zaidi kwa njia hii ni Nicotiana benthamiana, jamaa mdogo wa tumbaku mwenye asili ya Australia. Haumo katika orodha ya vyakula vya watu, na mbegu zake hazina haja ya kuhusishwa, kwani jeni iliyopenyezwa huishia katika jani lenyewe. Tofauti hii ya njia mbili yaonekana ndogo, lakini kwa mdhibiti ni kubwa kuliko zote.

Uwezekano wenyewe ulithibitishwa mapema. Mwaka wa 1989, watafiti wa Marekani walitangaza katika jarida la Nature kwamba mimea ya tumbaku ilikuwa imetengeneza kingamwili kamili zinazofanya kazi. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba tumbaku na viazi vingeweza kutengeneza albumini ya damu ya binadamu. Kufikia 1997, avidini, protini ambayo kwa kawaida hupatikana katika ute wa yai, ilikuwa ikitolewa katika mahindi na kuuzwa kwa maabara.

Hicho ndicho kilikuwa kipindi cha matumaini makubwa, na kwa Afrika tumaini kubwa zaidi lilikuwa ndizi. Charles Arntzen, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alihubiri wazo la chanjo ya kuliwa: mtoto wa kijijini ambako hakuna jokofu wala sindano angepewa tunda lililobeba chanjo yake. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalitumia viazi. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka wa 1998, yalionyesha kwamba watu 10 kati ya 11 waliokula viazi vibichi vyenye protini ya bakteria wa kuharisha walijenga kingamwili dhidi yake. Vilikuwa vibichi kwa sababu moto huharibu protini.

Chanjo ya ndizi haikufika sokoni. Kikwazo hakikuwa maabara pekee, bali pia swali ambalo mfamasia yeyote angeliuliza: kipimo ni kipi? Ndizi mbili za mkungu mmoja hazilingani kwa uzito, wala kwa kukomaa, wala kwa kiasi cha protini. Anayekula nusu amepata chanjo au hakupata? Na ndizi ya chanjo ikichanganyika sokoni na ndizi ya kawaida, nani atazitofautisha? Mamlaka za dawa hutaka kila dozi ilingane na iliyotangulia. Tunda haliwezi kutoa ahadi hiyo, na wazo lililopendwa sana na magazeti likafifia polepole.

Kampuni zilizosalia zilielekea kwenye mahindi, na sababu zao hazikuwa za kipumbavu. Punje ya mahindi ni ghala la asili: protini iliyo ndani yake hukaa miezi mingi bila kuharibika, wakulima wana ujuzi wa kuyalima, na mashine za kuyavuna zipo tayari. Lakini sifa hizo hizo ndizo zinazoyafanya kuwa chakula cha mamilioni ya watu. Zaidi ya hayo, mahindi huchavushwa kwa upepo, na chavua haijui mpaka wa shamba.

Kampuni iliyohusika na mkasa wa Aurora ilikuwa ProdiGene ya Texas. Wakaguzi walikuwa wameyaona mahindi yaliyojiotea na kuitaka iyang'oe, lakini soya ilivunwa na kupelekwa ghalani pamoja na mabaki yake. Miezi michache kabla ya hapo, katika jimbo jirani la Iowa, ekari 155 za mahindi zilikuwa zimeteketezwa kwa hofu kwamba huenda yalichavushwa na mimea ya kampuni hiyo hiyo. Mwezi Desemba 2002, ProdiGene ilikubali kulipa faini ya dola 250,000 na kugharimia ununuzi na uharibifu wa soya hiyo, gharama iliyokadiriwa kuwa dola milioni 3. Ilitakiwa pia kuweka dhamana ya dola milioni 1.

Jambo la kuzingatia ni nani aliyepiga kelele zaidi. Wapinzani wa GMO walilalamika, kama ilivyotarajiwa. Lakini watengenezaji wa vyakula vya viwandani, ambao kwa miaka walikuwa wakinunua mahindi na soya za GMO bila wasiwasi, nao waligeuka. Kwao hili lilikuwa jambo jingine kabisa. Mahindi yanayohimili wadudu hupimwa kama chakula kabla ya kuuzwa. Mahindi ya dawa hayapimwi hivyo, kwa kuwa hayakusudiwi kuliwa. Punje moja ikipatikana katika pakiti ya kiamshakinywa, hakuna kiwango kilichoruhusiwa cha kujitetea nacho.

Mwezi Machi 2003, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza masharti makali zaidi. Mashamba ya dawa yangekaguliwa mara tano katika msimu wa kukua na mara mbili msimu unaofuata, kusaka mimea iliyojiotea. Mahindi ya dawa yanayochavushwa kwa upepo yangetengwa na mahindi mengine kwa umbali wa maili moja, yaani kilomita 1.6. Ukanda mtupu wa kulizunguka shamba uliongezwa kutoka futi 25 hadi 50. Mashine za kupanda na kuvuna, pamoja na maghala, visingetumiwa kwa mazao mengine.

Masharti hayo hayakuwatuliza wote. Mwaka wa 2005, kampuni ya Ventria ilipotaka kulima jimboni Missouri mpunga wenye protini zinazopatikana katika maziwa ya mama, mtengenezaji mkubwa wa bia Anheuser-Busch alitishia kutonunua tena mchele wa jimbo hilo. Ventria ilihamia Kansas, ambako mpunga haulimwi kibiashara. Kwa hiyo mipaka ya kilimo hiki ilichorwa kwa nguvu na mnunuzi wa mchele sawa na ilivyochorwa na serikali.

Ndipo fani ikaingia ndani ya nyumba. Dawa ya kwanza ya binadamu ya kudungwa, iliyotengenezwa na seli za mmea na kuidhinishwa Marekani, haikupata kuona jua. Ni taliglucerase alfa, inayouzwa kwa jina Elelyso. Ilibuniwa na kampuni ya Protalix ya Israeli na kuidhinishwa Mei 1, 2012. Hutibu ugonjwa wa Gaucher, maradhi ya kurithi ambapo upungufu wa kimeng'enya kimoja husababisha mafuta kulimbikizana katika wengu, ini na mifupa. Hutengenezwa na seli za karoti zinazoogelea ndani ya mifuko mikubwa ya plastiki yenye maji ya virutubishi. Hakuna mzizi, jani wala chavua.

Kisa cha dawa hiyo chaonyesha faida na ugumu wa mimea kwa pamoja. Mwaka wa 2009, kiwanda cha kampuni ya Genzyme mjini Boston, kilichokuwa kikitengeneza dawa kuu ya Gaucher kwa seli za wanyama, kiliingiliwa na virusi. Virusi hivyo havikuwa hatari kwa binadamu, lakini vilizizuia seli kukua, uzalishaji ukasimamishwa, na wagonjwa duniani kote wakapunguziwa dozi. Seli za karoti haziwezi kuambukizwa virusi vya namna hiyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu dawa ya karoti itumike kwa wagonjwa hata kabla ya kuidhinishwa rasmi.

Kuna na suala la sukari. Seli huvisha protini nyingi minyororo midogo ya sukari, na mimea huivisha tofauti na binadamu. Wadhibiti walihofia tangu mwanzo kwamba sukari za mimea zingeweza kuamsha mzio, hivyo hudai uthibitisho wa kina kuhusu jambo hili. Kwa ugonjwa wa Gaucher, bahati iliangukia upande wa karoti. Kimeng'enya hicho hupokewa na seli za mgonjwa kikiwa na sukari aina ya manosi mwishoni mwa mnyororo. Watengenezaji wanaotumia seli za panya-buku walilazimika kuichonga sukari hiyo baadaye, ilhali seli za karoti huitoa ikiwa tayari.

Ulaya hali ilikuwa tofauti. Mwaka wa 2012, wataalamu wa Shirika la Dawa la Ulaya waliridhika na faida za Elelyso, lakini haikuweza kuidhinishwa kwa sababu dawa nyingine ya ugonjwa huo ilikuwa imepewa haki ya miaka 10 ya kutoshindaniwa sokoni, chini ya sheria ya maradhi adimu. Ni mfano mzuri kwa wanaodhani kila dawa ya GMO inayozuiwa imezuiwa kwa ajili ya GMO. Mwaka wa 2023, dawa ya pili ya Protalix, Elfabrio ya ugonjwa wa Fabry, inayotengenezwa na seli za tumbaku, iliidhinishwa Ulaya na Marekani pia.

Kwa wasomaji wa ukanda huu, jina linaloweza kukumbukwa zaidi ni ZMapp. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka wa 2014, wahudumu wawili Wamarekani walioambukizwa nchini Liberia walipewa mchanganyiko huo wa kingamwili tatu, uliotengenezwa katika majani ya benthamiana kwenye vivungulio vya Owensboro, jimboni Kentucky. Walipona, na dunia ikaitaka dawa hiyo. Kufikia katikati ya Agosti akiba yote ilikuwa imekwisha. Sifa ya mimea ni kwamba hutoa dozi za kwanza upesi. Lakini kuzidisha kiasi kwahitaji vivungulio vingi zaidi na, hasa, mitambo zaidi ya kuchuja. Usafishaji wa protini hugharimu pesa nyingi hata kama jani lenyewe ni rahisi kulikuza, na hilo halikusemwa vya kutosha na wale waliohubiri kwamba mimea ingeleta dawa za bei ya mboga.

Majaribio yaliyoanza 2015 yalihusisha wagonjwa 72 tu, kwani mlipuko ulikuwa ukififia. Miongoni mwa 71 waliohesabiwa, asilimia 22 ya waliopewa ZMapp walifariki, ikilinganishwa na asilimia 37 ya waliopata huduma ya kawaida pekee. Matokeo yalielekea kuzuri, lakini idadi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha lolote.

Jibu lilipatikana mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miji ya Kivu Kaskazini ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na hospitali. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waligawanywa katika makundi manne ya tiba. Mwezi Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa tofauti ilikuwa dhahiri. Waliofariki katika kundi la ZMapp walikuwa asilimia 49.7. Katika kundi la kingamwili mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyenusurika Ebola ya Kikwit ya 1995, walikuwa asilimia 35.1. Kwa REGN-EB3 walikuwa asilimia 33.5. Dawa hizi mbili zilizoshinda hutengenezwa na seli za wanyama.

Je, mmea ulishindwa? Jaribio hilo halikuuliza swali hilo. Kingamwili zenyewe zilikuwa tofauti, na utoaji wake ulikuwa tofauti: ZMapp ilihitaji dozi tatu zilizoachana siku tatu, ilhali wenzake walidungwa mara moja tu, jambo lenye uzito kwa mgonjwa anayekufa kwa saa. Lililothibitika ni kwamba dawa ya mmea hupimwa kwa mizani ile ile ya dawa nyingine, na ikipungukiwa huachwa.

Kanada iliongeza funzo jingine. Februari 24, 2022, iliidhinisha Covifenz, chanjo ya Covid-19 ya kampuni ya Medicago ya Quebec, iliyotengenezwa katika majani ya benthamiana. Katika majaribio yaliyoshirikisha zaidi ya watu 24,000, ilizuia ugonjwa kwa takriban asilimia 71. Lakini takriban moja kwa tano ya hisa za Medicago ilimilikiwa na kampuni ya sigara ya Philip Morris. Shirika la Afya Duniani, linalofungwa na mkataba wa kudhibiti tumbaku, halikuipokea chanjo hiyo katika orodha yake. Bila orodha hiyo, mlango wa nchi maskini ulikuwa umefungwa. Februari 2023, mmiliki wake Mjapani alitangaza kuifunga kampuni.

Wakulima wa tumbaku wa Migori na Kuria wasihesabu pesa hapa. Benthamiana si tumbaku ya kukaushwa, haikuzwi katika shamba la wazi, na kivungulio kimoja chenye taa na wafanyakazi wachache huchukua nafasi ya ekari nyingi.

Sheria nazo zimejipanga kwa tabaka mbili ambazo hazikutani sana. Tabaka la kwanza huangalia mmea: unakuzwa wapi, mbegu na chavua vitadhibitiwa vipi, mabaki yatateketezwa vipi. La pili huangalia dawa: usafi wake, uthabiti wa kila shehena, mabaki ya dawa za wadudu, sukari zake na usalama kwa mgonjwa. Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa mwongozo wake kuhusu protini za mimea ya GMO mwaka wa 2008. Marekani, kanuni mpya za mimea ya GMO zilizotolewa mwaka wa 2020 zilifutwa na mahakama Desemba 2024, na za zamani zikarejea.

Kenya iliutia sahihi Mkataba wa Cartagena kuhusu usalama wa kibayolojia ulipofunguliwa jijini Nairobi, Mei 2000, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo. Kifungu cha tano cha mkataba huo chasema hautahusu usafirishaji wa viumbe vya GMO ambavyo ni dawa za binadamu, iwapo dawa hizo zinasimamiwa na mikataba au mashirika mengine ya kimataifa. Protini iliyokwisha kuchujwa si kiumbe hai, kwa hiyo ikiingia nchini ni kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu, kama insulini ya bakteria ambayo Wakenya wameitumia miaka mingi bila kuiita GMO. Mmea wenyewe, ukitaka kupandwa, ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia chini ya sheria ya 2009.

Mabishano ya GMO humu nchini yamehusu chakula karibu pekee. Marufuku ya 2012 iliondolewa na Baraza la Mawaziri Oktoba 3, 2022, uamuzi huo ukapelekwa mahakamani, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru usimamishwe kwa muda. Katika mvutano huo, mahindi ya chakula na mmea wa dawa huweza kutiwa kapu moja kwa urahisi, ilhali masharti yanayovifaa ni tofauti kabisa. Chukua sharti lile la Marekani la kilomita 1.6. Katika kaunti kama Kakamega au Bungoma, mduara wa nusu-kipenyo hicho hugusa mamia ya mashamba ya mahindi, mengi yakiwa ya ekari moja au pungufu, na wenyewe huweka mbegu za msimu ujao au kupeana na majirani. Hakuna mkaguzi awezaye kusaka punje iliyojiotea katika mashamba yote hayo. Mwombaji atakayetaka kupanda mahindi ya dawa hapa nchini atakuwa ameomba kisichowezekana, lakini atakayeleta seli za karoti ndani ya mfuko wa plastiki hatahitaji hata jirani mmoja wa kumwomba radhi.